TUONGEE AFYA: Uvimbe wa taya usiouma, picha na darubini vinasema nini?

Tumekutana tena kwenye safu yetu ya kila mwezi, na kama kawaida tunaomba ukimaliza kusoma umpe na jirani naye asome.

Mwezi huu tunaongea juu ya uvimbe wa taya. Si ule wa jino bovu linalouma usiku kucha mpaka mtu anaamka alfajiri kupanga foleni ya kung'oa. Huo kila mtu anaujua. Tunaongea juu ya uvimbe unaokuja polepole bila maumivu. Mtu anakula, anacheka, anaenda kwenye mgao kama kawaida, mpaka siku moja jirani anamwambia: "Wewe, mbona shavu moja limekuwa kubwa?" Na kwa sababu hauumi, anajibu: "Aa, utaisha tu."

Kwenye sanduku letu la maswali tumepata karatasi kadhaa juu ya jambo hili. Tukizijumlisha, zinauliza mambo matatu. La kwanza: kwa nini daktari anapiga picha, halafu bado anataka kukata kinyama cha kwenda kupima? Si picha imeshaonyesha? La pili: kwa nini majibu ya hicho kinyama yanachukua wiki nyingi? La tatu, na hili ndilo linalowatisha watu zaidi: inakuwaje daktari aseme "hii siyo saratani" halafu aseme "lakini lazima tukate sehemu ya taya"?

Ni maswali mazuri sana. Tutayajibu yote, ila tuanze mwanzo.

JINO LINATOKA WAPI?

Mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake, karibu wiki ya 6, utando wa ndani ya mdomo wake unaanza kuzama kidogo kidogo ndani ya taya na kufanya machipukizi. Kila chipukizi ni jino la baadaye. Kuna seli zenye kazi ya kujenga enameli, lile ganda jeupe la jino ambalo ni gumu kuliko kitu kingine chochote katika mwili wa binadamu. Nyingine zinajenga sehemu ya ndani ya jino, nyingine mzizi.

Kazi ikiisha, seli nyingi zinakufa. Lakini si zote. Mabaki yanabaki ndani ya mfupa na ndani ya ufizi, kama mbegu zilizodondoka shambani baada ya mavuno. Kwa watu wengi mabaki hayo yanalala maisha yote. Kwa wachache yanaamka na kuanza kukua wakati hakuna jino tena la kujenga. Hapo ndipo uvimbe unapozaliwa.

Kwa hiyo ndugu zetu, uvimbe wa namna hii umetoka kwenye mwili wa mtu mwenyewe. Hakuna aliyemroga, wala hauambukizi. Mama mwenye uvimbe wa taya anaweza kupika na kula na familia yake sahani moja bila wasiwasi wowote.

Uvimbe huu uko wa makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni vifuko, ambavyo madaktari wanaviita sisti. Kifuko ni kama puto ndani ya mfupa: kina ukuta, na ndani yake kuna maji au uji mzito. Kundi la pili ni uvimbe wa nyama, ambapo seli zenyewe zinazidi kuongezeka na kujaza mahali. Kwa macho, yote mawili ni shavu lililovimba tu. Ndiyo maana tunahitaji picha.

PICHA YA EKSIREI INAONYESHA NYUMBA

Eksirei iligunduliwa na Wilhelm Röntgen kule Ujerumani mwaka 1895, na mpaka leo ndiyo taa ya kwanza ya kumulika mfupa. Kwenye picha, mfupa mzima unaonekana mweupe. Mahali mfupa umeliwa panaonekana peusi. Kwa hiyo kifuko ndani ya taya kinaonekana kama shimo jeusi.

Lakini daktari haangalii tu kama kuna shimo. Anajiuliza maswali. Shimo liko wapi, taya la juu au la chini, mbele au nyuma? Limeshika jino gani, na limelishika kwenye ncha ya mzizi au kwenye kichwa? Ukingo wake una mstari mweupe ulio safi, au umechakaa kama nguo iliyoliwa na panya? Ni chumba kimoja au vyumba vingi? Mizizi ya meno ya jirani imesukumwa pembeni, au imeliwa? Na ndani ya giza hilo, kuna madoa meupe?

Majibu ya maswali hayo yanapunguza orodha. Hebu tuangalie mifano.

Ukiona shimo la duara kwenye ncha ya mzizi wa jino lililooza mpaka likafa, lenye mstari mweupe kuzunguka, mara nyingi ni kifuko cha mzizi. Hiki ndicho kifuko cha taya kinachoonekana zaidi kuliko vyote duniani. Kinaanza na jino lililotoboka ambalo mwenyewe aliliacha, likauma, likanyamaza. Watu wanashangilia jino likinyamaza. Kumbe limekufa, na uchafu unaoshuka kwenye ncha ya mzizi unaamsha yale mabaki tuliyosema.

Ukiona shimo limezunguka kichwa cha jino ambalo halijatoka, kama kofia, mara nyingi ni kifuko cha jino lililozikwa. Kinapenda gego la mwisho la chini na chonge la juu.

Ukiona shimo refu linalotembea ndani ya taya kutoka nyuma kwenda mbele, bila kuvimbisha shavu sana, daktari anafikiria keratosisti. Hiki ni kifuko kijanja. Kwa kuwa kinafuata urefu wa mfupa, mtu anaweza kukaa nacho miaka bila kujua, taya likawa tupu ndani kama mwanzi.

Na ukiona vyumba vingi vyeusi vimepangana kama masega ya nyuki au kama povu la sabuni, mfupa umevimba, mizizi ya magego imeliwa kama imekatwa kwa kisu, basi daktari anafikiria ameloblastoma. Huu ni uvimbe wa nyama. Karibu mara 8 kati ya 10 unatokea taya la chini, hasa nyuma kwenye magego, na unawapata sana watu wazima ambao bado wana nguvu, wale wenye watoto wadogo wa kulea.

Uko pia uvimbe usiotisha hata kidogo. Odontoma kwenye picha inaonekana kama kifungu cha vijino vidogo vidogo vyeupe, au donge jeupe lisilo na umbo. Ni jino lililojijenga vibaya. Mara nyingi linagunduliwa kwa kijana ambaye jino lake la utu uzima limekataa kutoka, kumbe limezuiwa na hilo donge. Linatolewa, na habari inaishia hapo.

DARUBINI INAONYESHA MWENYE NYUMBA

Sasa basi, kama picha inaeleza yote hayo, kwa nini tena kukata kinyama?

Tuchukue mfano. Tuseme kuna vijana wawili, kila mmoja ana miaka 19. Wote wamevimba upande wa kushoto, nyuma, taya la chini. Wote wamepigwa picha, na picha zao zinafanana kama mapacha: gego la mwisho halijatoka, na kuna shimo jeusi lenye ukingo safi limezunguka kichwa chake. Ukiziweka picha mbili mezani, hata daktari mzoefu hawezi kuapa zinatofautiana.

Kinyama cha kijana wa kwanza kinaangaliwa kwenye darubini. Ukuta wa kifuko una utando mwembamba, safu 2 au 3 tu za seli, zimelala kwa utulivu. Ni kifuko cha jino lililozikwa. Daktari anatoa kifuko pamoja na jino, mfupa unajijaza wenyewe baada ya miezi kadhaa, kijana anarudi kwenye mpira wake.

Kinyama cha kijana wa pili kinaangaliwa. Seli za chini ni ndefu, zimesimama wima bega kwa bega kama fito za uzio. Kila seli ina kiini chenye rangi ya giza, na viini vyote vimekimbilia juu, mbali na msingi, kama watu waliopanga foleni halafu wote wakageuza migongo. Juu yake kuna seli zenye mikono kama nyota, zimeachana kama wavu uliolegea. Hiyo ndiyo sura ya seli zinazojenga enameli, ila hapa hazijengi jino lolote. Ni ameloblastoma ya chumba kimoja, imejificha ndani ya nguo za kifuko. Huyu kijana anahitaji mpango mwingine wa matibabu, na anahitaji kuangaliwa kwa miaka mingi.

Picha ni ile ile, lakini magonjwa ni mawili. Ndugu msomaji, eksirei inakuonyesha nyumba, lakini mwenye nyumba unamwona kwa darubini.

Hata keratosisti inajulikana kwa namna hiyo. Kwenye darubini utando wake una safu kama 6 mpaka 8 za seli, unene ni ule ule mwanzo mpaka mwisho, na uso wake una mikunjo midogo midogo kama bati la kuezekea. Ndani kuna uji mweupe mzito. Utando huo ni mwembamba, unachanika wakati wa kuutoa, na pembeni yake kuna vifuko vitoto. Kikibaki kipande, kinaota tena. Ndiyo sababu hata wataalamu walibishana juu yake: mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilikihamishia kwenye kundi la uvimbe wa nyama, na mwaka 2017 likakirudisha kwenye vifuko. Jina lilibadilika, lakini ushauri kwa mgonjwa ni ule ule: usiache kurudi kuangaliwa.

Na darubini haileti habari mbaya tu. Kuna uvimbe unaowapata hasa wasichana ambao hawajafika miaka 20, taya la juu mbele, karibu na chonge ambalo halijatoka. Mama akiona uso wa binti yake unavimba pembeni ya pua, moyo unamruka. Darubini ikionyesha seli zimejipanga kwa viduara vidogo kama maua, ndani ya ganda lake lenyewe, daktari anapumua: huu unabanduliwa wote kama punje ya karanga kwenye ganda, na karibu haurudi kabisa. Bila darubini, binti huyo angeweza kukatwa zaidi ya inavyohitajika.

KWA NINI MAJIBU YANACHELEWA?

Kuna watu wanadhani kinyama chao kimetupwa, au kimeuzwa. Jamani, hapana. Tufuate safari yake.

Kikishakatwa, kinawekwa kwenye chupa yenye dawa ya fomalini ili kisioze. Dawa inatakiwa kuwa nyingi, kama mara 10 ya ukubwa wa kinyama chenyewe, na inahitaji muda wa kuingia mpaka katikati. Kama kuna kipande cha mfupa, lazima kilainishwe kwanza kwa dawa ya asidi, na hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa. Halafu maji yote yanatolewa, kinyama kinazamishwa kwenye nta, nta inaganda, na kinakatwa kwa mashine vipande vyembamba sana. Wembamba wake ni kama mikroni 4 au 5. Yaani ukipanga vipande 200 hivi kimoja juu ya kingine, ndio unapata milimita moja. Kisha kinapakwa rangi mbili: ya zambarau inashika viini vya seli, ya waridi inashika sehemu nyingine. Ndipo mtaalamu wa patholojia anapokaa na darubini yake.

Kazi hii haifanyiki kwenye zahanati. Inahitaji maabara kubwa, na wataalamu wake ni wachache katika nchi zetu zote. Ukiongeza barabara, na chupa nyingine zilizotangulia kwenye foleni, hapo unaelewa wiki zinakoenda.

Jambo moja ambalo familia inaweza kusaidia: kabla hujaondoka, hakikisha jina kwenye chupa na jina kwenye fomu ni moja, na ndilo hilo hilo lililo kwenye karatasi yako ya utambulisho. Wengi wetu tuna majina mawili, la nyumbani na la kwenye karatasi. Majibu yakirudi na jina ambalo halipo kwenye daftari, yanakaa tu pale hospitali na wewe unakaa kambini unasubiri. Na mwombe daktari aandike kwenye fomu umri wako, mahali uvimbe ulipo, umeanza lini, na picha imeonyesha nini. Mtu wa darubini asiyejua picha imesema nini anafanya kazi na jicho moja.

"SIYO SARATANI, LAKINI TUNAKATA"

Hili ndilo swali zito. Tumesikia familia zimegombana kwa ajili yake, na wagonjwa wamekimbia wodini usiku.

Ameloblastoma kwa kawaida haiendi kwenye mapafu au ini kama saratani. Kwa maana hiyo daktari anasema kweli: siyo saratani. Lakini pale ilipo, inakula mfupa bila kusimama. Na ina tabia moja mbaya. Seli zake zinatambaa kwenye matundu madogo ya ndani ya mfupa, kupita pale ambapo picha inaonyesha mwisho. Kumbukeni kwamba eksirei haioni tundu mpaka mfupa uwe umepoteza madini mengi. Kwa hiyo ukingo wa kwenye picha siyo ukingo wa kweli.

Daktari akikwangua tu ndani ya shimo, shavu linarudi kawaida, ndugu wanafurahi, wanasema huyu ndiye daktari. Lakini seli zilizotambaa zimebaki. Uvimbe unarudi, pengine baada ya miaka 5, pengine hata 10, na mara hii unakuta mfupa uliobaki ni mchache. Ndiyo maana kwa ameloblastoma yenye vyumba vingi wanakata pamoja na sentimita 1 mpaka 2 za mfupa unaoonekana mzima kila upande. Kukata mara moja vizuri ni afadhali kuliko kukwangua mara tatu.

Hapa ndipo mapema inapokuwa na maana kubwa. Ukienda uvimbe ukiwa kama punje ya mahindi, pengine ukingo wa chini wa taya unabaki mzima, na uso haubadiliki sana. Ukienda ukiwa kama embe, nusu ya taya inaondoka, na mtu anahitaji chuma cha kushikilia au mfupa wa kupandikiza kutoka kiunoni au mguuni, mambo ambayo ni hospitali chache zinaweza. Tofauti kati ya punje na embe ni muda tu ambao mtu alikaa nyumbani akisema utaisha.

Kwa hiyo mzee wa familia, usimwambie mkeo au mwanao "rudi nyumbani, wanataka kukukata bure." Nenda naye. Muulize daktari maswali manne: Darubini imesema ni aina gani? Utakata kiasi gani na kwa nini? Nitakulaje baadaye? Na nirudi lini kuangaliwa? Ni haki yako kuuliza, na daktari mzuri hachukii.

MTOTO AKIVIMBA TAYA, USISUBIRI

Yote tuliyosema mpaka hapa yanakua kwa miezi na miaka. Lakini kuna uvimbe mmoja wa taya la mtoto ambao unakimbia, na historia yake ni ya huku kwetu.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mmoja aitwaye Denis Burkitt alionyeshwa mtoto wa kiume wa miaka 5 aliyevimba taya la juu na la chini, pande zote mbili. Si kawaida uvimbe kushika pembe nne za uso kwa mara moja. Akaanza kutafuta, akakuta watoto wengine wa namna hiyo, na mwaka 1958 akaandika habari zao. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili waliendesha gari maelfu ya kilomita katika nchi za mashariki na kusini mwa Afrika wakiuliza hospitali moja moja. Ikaonekana unapatikana zaidi kule kwenye joto, mvua na malaria nyingi. Mwaka 1964 virusi viligunduliwa ndani ya seli zake.

Uvimbe huo, ambao sasa unaitwa limfoma ya Burkitt, hautokani na mabaki ya jino. Ni saratani ya seli za damu. Lakini unaingia kwenye taya, na dalili ya kwanza mara nyingi ni magego ya mtoto kulegea au kusogea bila sababu. Kwenye picha, ule mstari mweupe mwembamba unaozunguka mizizi unapotea. Kwenye darubini, seli nyingi za giza zimejazana, na katikati yake kuna seli kubwa nyeupe zimetawanyika, kama anga ya usiku yenye nyota. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku 1 au 2.

Habari njema ni kwamba hauhitaji kisu cha kukata taya. Unatibiwa kwa dawa za sindano, na watoto wengi wanapona wakiwahi na kumaliza dozi zote. Habari mbaya ni kwamba wiki tatu za kuzunguka kwa waganga wa kienyeji zinaweza kuwa ndizo wiki zenyewe. Mtoto akivimba taya na uvimbe unaonekana kukua kila wiki, siku hiyo hiyo peleka hospitali. Usimng'oe yale meno yaliyolegea.

Hapo hapo tuseme neno juu ya "meno ya plastiki." Mtoto mchanga akiwa na homa na kuharisha, kuna watu wanachokonoa ufizi wake na kutoa kitu cheupe wakisema ndicho kinachomuumiza. Hicho cheupe ni chipukizi la chonge lake. Homa haiponi, mtoto anaweza kupata maambukizi au kupoteza damu mpaka kufa, na akipona jino lake la baadaye linaweza kuharibika. Mpeleke mtoto atibiwe homa yake.

MAMBO YA KUSHIKA NYUMBANI

Tuliambiwa tuandike kwa ufupi ili mtu aweze kukata na kubandika ukutani. Haya:

1. Kila mwezi, ukinawa uso, pitisha vidole kwenye taya pande zote mbili. Uvimbe mgumu upande mmoja, hata usiouma, uonyeshe kliniki.

2. Dalili nyingine ni hizi: jino kulegea bila kuoza, jino la utu uzima kukataa kutoka, meno kusogea, kidonda cha jino lililong'olewa kisichopona.

3. Mdomo wa chini ukifa ganzi bila kuchomwa sindano, wahi. Hiyo ni dalili ya hatari.

4. Homa, uvimbe chini ya kidevu mpaka shingoni, kushindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua: hii ni dharura, nenda hata usiku.

5. Usipasue uvimbe kwa wembe, usiuchome kwa dawa ya majani, usitoboe "usaha utoke." Unaingiza uchafu na unaharibu sura ambayo picha na darubini zingeonyesha.

6. Siku ya eksirei vua hereni, mkufu na meno ya bandia, na tulia kabisa mashine ikizunguka. Mionzi yake ni kidogo, lakini mama mjamzito aseme mapema.

7. Kwenye rufaa, omba mapema kibali cha kutoka kambini na uulize siku ya gari. Mgonjwa akikosa gari, anakosa na zamu yake.

La mwisho tunalisema kwa mkazo, kwa sababu sisi ni watu wa safari. Leo tuko hapa, kesho mwingine anarudi nyumbani, mwingine anahamishiwa kambi nyingine au nchi ya mbali. Aliyetibiwa ameloblastoma au keratosisti anatakiwa kuangaliwa kwa miaka, na picha ya leo inasomwa vizuri ikilinganishwa na ya zamani. Daktari wa kule uendako hatakujua. Kwa hiyo karatasi ya majibu ya darubini na picha yako ya eksirei ziweke kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na karatasi zako za familia, mahali ambapo mvua na panya hawafiki. Picha usiikunje wala usimpe mtoto achezee. Ukipanda gari na watoto na sufuria, na karatasi hizo zipande.

Sanduku letu bado lipo pale pale mlangoni, na asiyejua kuandika amwombe mwanafunzi amwandikie.